Mwalimu Aliyelamba Korongo

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulize wanaopenda mambo ya koo. Mimi nitaanza siku niliyomkuta analamba ukuta.

Nilikuwa nafyatua tofali pale kwangu Kakese, nje ya mji wa Mpanda, tope limenifika viwikoni, nikasikia mtu anatema mate ndani ya korongo. Korongo lile linapita nyuma ya kiwanja changu. Mvua zimelikata miaka na miaka mpaka ukingo wa upande wangu umesimama wima, mrefu kupita nyumba, na ukiutazama kutoka ng'ambo unaona mistari imelala: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, mpaka chini kabisa. Nikainama ukingoni nichungulie. Mzee mmoja, suruali ya kitambaa, viatu vya kanisani, amebandua kipande cha udongo kwa kisu cha mezani na anakitafuna. Alikitafuna polepole, akakigeuza kwa ulimi, akatema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mboga akakuta haina chumvi. Halafu akabandua cha mstari wa juu yake, akatia mdomoni.

"Mwalimu?" nikaita. "Shikamoo!"

"Marahaba. Nani huyo? Aa, ni wewe. Bado unachanganya latitudo na longitudo?"

"Bado, Mwalimu."

"Safi sana. Una maji ya kusukutua?"

Alikuwa amenifundisha jiografia sekondari, miaka minne, na mimi nikaifeli jiografia yake kwa heshima zote. Sasa alikuwa amestaafu, anakaa Kawajense peke yake, mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikamteremshia maji kwa kamba. Akasukutua, akapanda juu kwa kushika mizizi, akakaa kwenye ndoo yangu iliyofunikwa bila kuulizwa, akasema, "Dunia haina haraka, ila mimi nina njaa." Maneno hayo nilikuja kuyasikia mpaka nikayachoka. Nikampa chai ya tangawizi na karanga za kukaanga. Baada ya vikombe viwili ndipo akanieleza shida iliyomleta.

Alitaka nisiuguse ule ukuta mpaka amalize kuhesabu mistari.

Sasa elewa kitu kimoja. Katika ukuta ule kuna mstari mmoja mweusi, mnene, uko usawa wa kifua ukisimama chini. Udongo wake ndio udongo bora wa tofali niliowahi kuushika. Haupasuki juani, na ukitoka tanurini, ukigonga tofali kwa tofali, zinalia kama kengele. Nilikinunua kiwanja kile kwa sababu ya mstari ule. Mume wangu yeye ni mtu wa mpunga, mambo ya udongo aliniachia mimi. Na huyu mzee, mdomo umejaa vumbi, ananiambia nisubiri!

Nikajiambia, kuhesabu mistari ni kazi ya siku ngapi? Wiki moja. Nikamkubalia. Basi tangu siku ile nikawa nachota udongo wa kichuguu kule mbali, nausukuma kwa toroli mpaka mgongo unalia, huku udongo wangu mwenyewe umelala pale nyuma ya nyumba unanitazama. Wiki ikapita, mvua ikapita, mwaka ukapita. Nikimuuliza anasema, "Bado kidogo, Mama Eliya."

Alichokuwa anahesabu alinieleza kwa pia ya mwanangu, ile ya mti ya kuzungusha kwa kamba. Aliirusha juu ya meza yangu ya nje. "Usitazame inavyozunguka," akasema. "Tazama kichwa chake." Kweli, kichwa cha ile pia nacho kilikuwa kinazunguka, taratibu, kama mlevi anayetafuta mlango. "Na dunia iko hivyo hivyo. Kichwa chake kinayumba. Kuzunguka mara moja ni miaka kama elfu ishirini na kitu. Tena inalala na kuinuka kidogo, na hiyo ni miaka elfu arobaini na kitu. Na njia yake ya kulizunguka jua, kuna enzi iko karibu duara kamili, kuna enzi inavutwa inakuwa kama yai. Hiyo ni miaka laki moja hivi."

"Na korongo langu linahusikaje?"

"Subiri bwana, usiwe kama ulivyokuwa kidato cha pili." Akamimina chai kwenye sahani. Kichwa cha dunia kikielekea hivi, akasema, jua la msimu wa mvua linakuwa kali, mvua zinakuja kwa nguvu, ziwa linajaa, na huko chini kwenye kina, pasipo na mawimbi, tope jeusi linatulia pamoja na majani yaliyooza. Kikielekea vile, jua la msimu ule linapoa, mvua zinapungua, ziwa linanywea, na kinachobaki ni mchanga na chokaa nyeupe. Zamani sana, ng'ambo ya korongo na huku kwangu vilikuwa chini ya maji. Nikamuuliza ni ziwa gani. Akasema halikuwa na jina, nani angeliita?

"Kwa hiyo kila mweusi na mweupe wake ni kichwa cha pia kimezunguka mara moja."

"Huenda!" Alifurahi akanimwagia chai. "Na huenda ni mafuriko ya kawaida tu, yanayokuja na kuondoka, hayana habari na mambo ya angani. Ndio maana nahesabu. Ile njia ikiwa kama yai, kuyumba kunauma sana, mistari inatoka mikali. Ikiwa duara, kuyumba hakuumi, mistari inafifia. Kwa hiyo kama ni kazi ya anga, nitaikuta imejipanga mafungu mafungu, kama mistari mitano katika kila fungu, mikali halafu hafifu. Kama haijajipanga, basi ni matope tu na mimi ni mzee mjinga."

Nilimwambia la pili linawezekana sana. Akakubali huku anatafuna karanga.

Kutafuna udongo hakukuwa wazimu, ingawa Kakese nzima ilijua ni wazimu. Macho yanadanganya, alisema, ila meno hayadanganyi. Udongo ukikwaruza meno ni mchanga laini ulioletwa na maji yanayotembea. Ukiteleza kama siagi ni udongo wa mfinyanzi, maji yalikuwa yametulia. Sasa kwetu sie mtu anayetafuna udongo tunamjua, ni mwanamke mwenye mimba. Haikuchukua siku mbili soko zima la Mpanda linajua Mwalimu ni mjamzito. Mwingine angeona aibu ahame. Yeye alikwenda kwa wale akina mama wanaouza udongo wa kula, ameshika kiuno, anapumua kwa shida, akaomba kuonja. Akaonja vipande vyote, akamwambia mmoja kwamba wake umechimbwa kichuguuni na aache kudanganya watu kwamba umetoka mbali. Yule mama hakukubali kuaibishwa mbele ya wateja. "Hebu tuambie, Mwalimu, hiyo mimba ya miezi mingapi?"

"Ya kwangu inahesabiwa kwa miaka," akasema. "Hii ina elfu ishirini, na bado haichezi."

Walicheka mpaka wakamfungia udongo wa bure. Aliniletea kifurushi kizima, eti zawadi ya kazini.

Shuleni alikuwa hivyo hivyo. Siku anatufundisha mambo haya ya dunia kuyumba, alimtoa mkuu wa shule ofisini, akamsimamisha katikati ya uwanja wa paredi, akamwambia, "Mkuu, wewe ni jua, usitikisike." Halafu akaanza kumzunguka, kajiinamisha upande mmoja, kichwa kinayumba, mikono imetanuka, anajizungusha huku anakwenda. Wazazi waliokuwa wanapita njiani walisimama kwenye uzio. Jioni ile habari zikafika kanisani kwamba mwalimu wa jiografia amelewa mchana kweupe na mkuu wa shule amemtazama tu. Na yeye alikuwa mzee wa kanisa asiyegusa hata togwa iliyolala ikachachuka! Walimwita kwenye kikao. Alichofanya ni kuwainamia vile vile na kuanza kumzunguka mchungaji, mpaka wakamwambia inatosha, tumeelewa, kaa chini.

Jumapili alisimama mbele akasoma habari ya siku za uumbaji kwa sauti nzuri kabisa, na Jumatatu yuko korongoni na miaka yake laki moja. Nilimbana siku moja, nikamwambia achague upande. Alisema siku ya Mungu yeye hajawahi kuipima, hana saa ya Mungu, ana kisu cha mezani tu. Sikuridhika. Nilimwambia hilo ni jibu la mtu anayekwepa, akasema ndiyo, anakwepa, niongeze tangawizi.

Na uvumilivu wake ulikuwa wa mawe tu. Miaka laki moja aliisubiri bila kulalamika, maharage hakuyasubiri hata kidogo. Alikuwa anafunua sufuria yangu kila mara, anabonyeza, anayala mabichi. Boda boda ikichelewa kidogo anaanza kutembea kwa miguu kurudi Kawajense, halafu ikimkuta njiani anagombana na dereva kwa nini amechelewa. Nilimwambia tabia zake hazifanani na masomo yake. Alisema mwalimu wa hesabu naye ana madeni.

Sasa yalikuja mambo ya chaki. Ili asipoteze hesabu, alianza kutia alama ukutani, kijistari cheupe kwenye kila mstari mweusi. Wewe unaijua Mpanda na dhahabu yake. Huku kwetu mtu akigonga jiwe, mwenzake anatega sikio. Mzee anayelamba ukuta na kutia alama za chaki, halafu anajiita mstaafu? Thubutu! Siku moja naamka nakuta vijana wa kuchimba dhahabu wameshuka korongoni na masururu, wanaongozwa na kijana mmoja wa Kisukuma, Shija, anayenunua tofali kwangu na ninayemjua ni mtu wa heshima. Walishaanza kuukwangua ukuta pale penye alama.

Nilishuka mbio na mwiko wangu wa tope mkononi. "Shija! Juu ya hapo ndiyo nyumba yangu! Mkitoboa handaki chini yake mnataka nilale wapi?"

"Shikamoo mama. Tunachukua kidogo tu, mama, hatufiki mbali."

"Kidogo cha nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mtoto. "Mama, Mwalimu ameonja. Ametia alama. Sie si wajinga."

Mwalimu alipofika nikamwambia, haya, sema mwenyewe. Akasema hakuna dhahabu pale, ni matope ya ziwa, akawaeleza na ya pia na ya yai. Alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuamini. Mmoja akasema, "Mzee baba, asiye na kitu huwa haongei sana hivyo." Uso wa Mwalimu ukabadilika, nikauona. Siku ile ndiyo pekee niliyomwona na woga. Ukuta ule ungeliwa, hesabu yake ingepotea, na nyumba yangu ingefuata. Nilimwambia kama nyumba yangu ikianguka nitakuja kuhamia Kawajense na watoto wote. Hakucheka.

Kisha akamvuta Shija pembeni, akajifanya ananong'ona lakini mimi nilisikia kila kitu. Alisema sawa, mmenishinda. Hapa alikuwa anafanya majaribio tu. Mahali penyewe ni pengine, ameshatia alama, ila asimwambie mtu.

Kesho yake, shule ikiwa likizo, vijana wale walikuwa nyuma ya madarasa ya shule yake ya zamani, wanachimba ndani ya alama ya chaki aliyoichora kwa kipimo. Wameshuka, wameshuka, jasho linawatoka, udongo unatoka kwa ndoo. Mwalimu kakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, kila wakitoa ndoo anaonja, anasema, "Bado. Endeleeni. Nyosheni ukuta huo, usipinde." Mpaka mmoja wao akauliza kwa nini shimo la dhahabu lazima liwe la mstatili. Shija akapanda, akajifuta uso, akatazama shimo, akatazama madarasa, akatazama njia ya wanafunzi inayoishia pale pale.

"Mwalimu," akasema. "Hili ni shimo la choo."

"Wasichana wa shule hii wanakwenda vichakani tangu mwaka niliostaafu," akasema Mwalimu. "Mungu awabariki sana, vijana wangu."

Nilidhani watampiga. Shija alikaa chini kwenye kifusi akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kununua tofali za kujengea kile choo, na mimi nikamwongezea nyingine bure, na hakuna mchimba dhahabu aliyegusa tena korongo langu. Mwalimu alishuka kwenye lile shimo kabla halijafunikwa, akalamba kuta zake zote nne. Aliniambia mistari ya kule inafanana na ya kwangu, ila ya kwangu ni mizuri zaidi, kwa hiyo nisiguse.

Akaendelea kuja. Alhamisi na Jumamosi, mara nyingine Jumatatu pia. Anateremka, anaanza chini, anapanda na kidole, midomo inacheza, na sikuzote kuna kitu kinamharibia. Mbuzi amelia. Nimemsalimia. Wingu limepita, kivuli kimebadilisha rangi ya mstari. "Umenipoteza, Mama Eliya, naanza upya," anasema, halafu haanzi upya, anapanda juu kunywa chai. Nilijitolea nihesabu mimi. Akasema, "Wewe ulifeli." Nikamwambia mgongo unaniuma na toroli. Akasema pole sana, na kweli alinionea huruma, akasukuma toroli moja mwenyewe mpaka nusu ya njia akaiacha hapo.

Halafu akaacha kuja.

Nilidhani ni boda boda, nikadhani ni mvua. Ndipo binti yake akanipigia, akasema presha ilimpiga, upande mmoja wa mwili umelegea, amemhamishia kwake Nsemulwa. Nikafunga karanga kwenye gazeti, nikachemsha chai nikaitia kwenye chupa, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kitandani ameegemezwa mito, amepungua, mdomo umevutwa kidogo upande. Macho yalikuwa yale yale. Binti yake alininong'oneza mlangoni kwamba hataki mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi anakuja, yeye anafumba macho. Hataki hata kuweka mguu chini, anasema aende wapi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Neno lilitoka zito. "Umeshakata?"

"Kukata nini?"

"Ule mweusi. Kata tu, binti yangu. Nilishamaliza kuhesabu."

"Lini?"

"Mwaka ule wa kwanza. Kabla ya mvua."

Nilishika ile chupa ya chai kwa nguvu. Toroli zote zile! Kichuguu, njia ile ya mawe, mgongo wangu! "Na ulipata nini?"

"Mafungu mafungu. Tano. Tano. Nne. Tano. Halafu vurugu." Upande mmoja wa mdomo ukacheka. "Haitoshi kuthibitisha. Ingetakiwa kupata majivu ya volkano humo katikati, wakapime umri. Ila nilicheka wiki nzima."

"Mwalimu, miaka yote hii ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Akatazama mikono yake. "Nyumba ile ya Kawajense, jioni ilikuwa kimya sana," akasema. "Na chai yako ina tangawizi."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Na wakati huo huo nilimwonea huruma, nikashindwa kujua nianze na lipi. Nikamimina chai, nikampa kwenye mkono wake mzima, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikautazama ule mguu wa kushoto uliolala kama si wake. Kisha nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Basi hesabu yako imekosea."

"Nini?"

"Nimehesabu mwenyewe, ulipoacha kuja. Tunapishana. Mimi nimepata mistari miwili zaidi."

Sikuwa nimehesabu kitu. Nilijaribu mara moja tu, chai ikafurika jikoni nikaacha.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyefeli?"

"Miwili, Mwalimu. Na sikati mpaka tukubaliane."

Nikakipokea kikombe. Alikuwa anajisukuma kutoka kwenye mito, bega la kulia mbele, uso umekunjana kwa hasira ya darasani niliyoikumbuka vizuri sana.

"Ulianzia juu au chini?"

"Juu."

"Ndio maana! Mama Eliya, wewe mtu wa namna gani? Mtu anaanzia chini! Cha zamani kiko chini! Nilikufundisha miaka minne!"

"Njoo unionyeshe, basi."

Akautoa mguu mzima kitandani, ukagusa sakafu. Halafu akaushika ule mwingine kwa mkono, akauvuta, akauweka kando ya mwenzake. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mwalimu akainama kidogo, anatafuta kitu chini ya kitanda kwa vidole vya mguu. Nikamsogezea kiatu.